Nyayo za Inzi kwenye Ugali

Mwaka mpya ukiingia, wajukuu na vitukuu zangu hapa Majengo wanashikwa na homa ya afya. Mmoja anakimbia alfajiri mpaka stesheni na kurudi, mwingine ameacha sukari, wa tatu anakunywa maji ya ndimu amekunja uso kama anameza dawa ya minyoo. Wananiuliza, "Bibi, nyie zamani mlikuwa mnaanza mwaka na nini?" Nawaambia sisi tulianza na shimo la choo. Wanacheka. Wacheke, ila wasikie mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Usevya. Mume wangu alikuwa kibarua migodini huku Mpanda, mimi nikabaki kwa wazazi wake na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kabla yake nilikuwa na mwingine. Huyo nilimzika wakati wa mvua. Tumbo la kuhara, alikauka mikononi mwangu kama jani. Kwa hiyo mvua zilipoanza tena, wenzangu walitazama mashamba, mimi nilitazama tumbo la mtoto.

Siku ya mwaka mpya, baada ya sala, dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alisimama nje ya kanisa akasema, "Nyie watu, mwaka huu kila nyumba ichimbe choo. Mavi mnayoacha vichakani yanarudi nyumbani. Inzi anayakanyaga, halafu anakuja kukanyaga chakula chenu." Watu walicheka. Mzee mmoja akamuuliza kama huyo inzi havui viatu mlangoni. Mimi sikucheka, nilitaka kujua. Mguu wa inzi ni mwembamba kuliko unywele, sasa unabeba nini?

Baba mkwe naye hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kaburi la yule mjukuu wa kwanza alilichimba yeye mwenyewe. Kesho yake alishika jembe. Akachimba mpaka kichwa hakionekani, akapanga magogo juu, akasimamisha kuta za miti na udongo, akaezeka nyasi, akachonga na kifuniko cha mti chenye mshikio. Watu walitoka hata ng'ambo ya majaruba ya mpunga kuja kukitazama. Wanainama, wanachungulia, mmoja anatupa jiwe asikilize linavyoanguka. Baba mkwe kasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliyejenga kanisa.

Halafu hakuna aliyeingia.

Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani moja kwa moja. Mkitaka kuambiana jambo mnalipitisha kwa mtoto, hata kama hajajua kusema. Sasa mtu usiyeweza kumtazama, utaendaje kuchuchumaa pale alipochuchumaa yeye?

Nilimuuliza mama mkwe, "Mama, kile choo cha nani?"

"Cha baba yenu."

"Mbona haingii?"

"Anaogopa wewe utaingia."

"Na mimi naogopa ameshaingia."

Mama mkwe akaweka mchi chini akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi kitaingiwa na mvua," akasema.

Tukaendelea na vichaka vyetu. Mtoto alijisaidia nyuma ya jiko, mvua inasambaza, inzi wamejaa. Siku moja jua lilipochomoza kidogo, nikasema ngoja nimpime huyu dresa. Nilikwangua masizi kwenye chungu, nikayakoroga na maji, nikamwagia uchafu wa mtoto. Kisha nikapakua ugali wa muhogo, mweupe, nikaulainisha juu kwa maji, nikauweka mlangoni, nikakaa kungoja. Inzi wakaja. Wakatua, wakasugua mikono yao kama wageni waliokaribishwa. Nikasogeza uso mpaka pua ikataka kugusa ugali. Vilikuwepo. Vidoa vyeusi, vidogo kuliko punje ya ulezi, vimefuatana kama njia ya mtu aliyekanyaga matope. Nilifurahi kujua, na papo hapo nikawafukuza inzi.

Nilimpa mama mkwe ile sahani ampelekee mzee. Akaitazama. "Unataka kumlisha uchafu?"

"Si wa kula, mama. Wa kutazama."

Akaupeleka. Mimi nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nimempa mzee mgongo, mtoto yuko katikati yetu anatafuna kidole.

"Mwambie babu," nikamwambia mtoto, "ugali huo asiule. Autazame juu."

Mzee akasema, "Mjukuu wangu, muulize mama yako hivi vidoa ni nini."

"Mwambie babu ni nyayo za inzi waliotoka kwenye uchafu wako nyuma ya jiko. Weusi nimeutia mimi. Siku zote wanapita hivyo hivyo, ila rangi haipo."

"Muulize, hata ugali wa jana?"

"Mwambie babu, hata wa jana."

"Hata ule wa yule..."

Hakumaliza. Nilijua anataka kumtaja nani.

Nikasikia sahani inasukumwa. "Mwambie mama yako, lile shimo ni lake, na la bibi yako, na lako. Mimi sijaliingia, na sitaliingia. Nachimba langu."

Alilichimba upande wa pili wa boma, kwenye mvua, udongo laini, likabomoka, akaanza upya. Mpaka lilipokamilika alikuwa anakwenda mbali na jembe begani, anafukia. "Mume wangu amekuwa paka," mama mkwe akasema. Yeye mwenyewe aliweka mlangoni pa choo chetu kibuyu cha maji na majivu ya kunawia. Mimi nikaanza kufunika chakula kwa ungo.

Mvua za mwaka ule mtoto aliharisha mara moja, kidogo, ikaacha. Zikaisha, yupo. Ni shimo, ni majivu, ni ungo, au ni Mungu tu, mpaka leo sijui. Ningeweza kujua kwa kuacha kimoja kimoja nione, lakini nani atampimia mtoto wake hivyo? Tulivishika vyote. Mtoto huyo sasa ni bibi, na ndiye bibi wa huyu anayekimbia mpaka stesheni.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila akiletewa ugali, kabla ya kumega aliigeuza sahani kwenye mwanga akainamisha kichwa. "Mjukuu wangu, muulize mama yako, leo wamepita?"

Mtoto alipojua kusema hakuniuliza tena. Alikuja kuinama pembeni ya babu yake, akatazama na yeye, akamjibu, "Hawajapita babu, kula."