Kopo la Dawa na Mgao wa Nyumba Kumi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, daftari moja, kalamu mbili na ufunguo wa kabati lisilo na mlango. Mganga Msaidizi, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale zahanati, alinitazama nilivyobeba mtoto mgongoni, akauliza, "Mhudumu wa afya wa kijiji ni wewe, au wewe ni mgonjwa?" Nikamwambia mhudumu ni mimi, mgonjwa ni huyu mgongoni. Akacheka. Mimi sikucheka. Binti yangu Paskalina alikuwa ameanguka mara mbili asubuhi ile kabla hatujafika barabarani, na kanga yangu ilikuwa bado na mate yake.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, vilimani juu ya Rhotia, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu wahusika wote wapo na wengine ni jirani zangu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto wa miaka mitatu mwenye kifafa. Baba yake alikuwa kibarua katika mashamba ya ngano, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kazi ile niliipata kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Ninyi mnaoianza sasa mnakuta kadi zimechapwa na kabati lina mlango. Someni basi mjue ilivyokuwa.

Somo la kwanza Mganga Msaidizi alinipa akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika chai. "Degedege linakuja na homa, homa ikishuka linaondoka. Kifafa hakingoji homa. Usichanganye." Dawa yake ilikuwa fenobabitoni, kidonge kidogo cheupe. Unampima mtoto, uzito wake ndio unaokupa dozi, na dozi hiyo anaimeza kila jioni bila kuruka. "Haiponyi," alisema, "inazuia. Ukiikatiza ghafla, ugonjwa unarudi na nguvu zote zilizokuwa zimezuiliwa. Umeelewa?" Nilielewa. Wala halikuwa jambo gumu. Ndiyo maana mpaka leo najiuliza kwa nini watu wazima wenye mihuri lilikuwa likiwashinda.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba nikiwatafuta watoto waliofichwa. Nyumba ya kwanza niliambiwa hakuna mgonjwa hapa, na huku naona mguu mdogo wenye kovu la moto chini ya pazia. Watu walikuwa wanaamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Mtoto akianguka jikoni, watu wazima sita wanasimama wanapiga kelele, na hakuna anayenyoosha mkono kumtoa kwenye moto. Mara ngapi nimesimama mbele ya watu nikalamba mate ya mwanangu mwenyewe kidoleni ili waone kwamba sifi! Walishangaa, wakaenda kusimulia kwamba mhudumu mpya ana kichaa.

Mama wa kwanza kunifuata alikuwa Mama Naomi, mwanamke mrefu aliyewahi kubeba magunia ya vitunguu Mang'ola, na binti yake Naomi alikuwa na mkono mmoja ulioungua mpaka vidole vikashikana. Aliingia kwangu bila hodi. "Nimesikia unalamba mate," akasema. "Kaa basi tuongee." Kutoka kwetu wawili tukawa familia kumi na moja. Hatukuwa na jina wala mwenyekiti. Tulikuwa na zamu. Mmoja anashinda na watoto wote ili wengine wakalime, mwingine anapita jioni kuhakikisha kila mtoto amemeza. Jumamosi tulikwenda kwa mwenzetu mmoja kujenga ukuta wa udongo kuzunguka mafiga, urefu wa goti, mtoto akianguka aangukie udongo na si makaa. Mama Naomi alikuwa anaupigapiga ule ukuta kwa kiganja na kusema, "Huu hata mume wako akilewa hautamwachia aingie motoni."

Kwa miaka mitatu dawa ilikuja kutoka Mbulu, kopo moja kila miezi mitatu, na watoto wakatulia. Paskalina akaanza kuhesabu. Akajua majina ya ndama wote wa jirani, akawa ananisahihisha nikikosea.

Ndipo akaletwa Katibu Kata mpya.

Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, hali ya bidhaa ilivyokuwa. Sukari, sabuni, hata viberiti vilikuja kwa mgao. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, na balozi alikuwa na orodha, anaita majina, kila nyumba inapata sawa na nyingine. Kwa sukari sina ugomvi. Katibu Kata akaniita ofisini.

"Ndugu Mhudumu, nasikia kuna kopo la dawa linaliwa na nyumba kumi na moja tu."

"Haliliwi, Ndugu Katibu. Ni dawa ya kifafa. Hizo ndizo nyumba zenye watoto wagonjwa."

"Na nyumba nyingine si wananchi?"

"Ni wananchi wazima."

"Hakuna mzima wakati wa upungufu," akasema, na akaonekana kufurahishwa na maneno yake. "Bidhaa yoyote ya serikali inapitia kwa mabalozi. Upendeleo sitaki."

Nilidhani ni maneno tu. Nikateremka Mang'ola siku mbili kumfuatilia mtoto ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kwenye vitunguu. Niliporudi nikamkuta Mganga Msaidizi amekaa mbele ya kopo tupu. Katibu Kata alikuwa amekuja na mabalozi wote na orodha zao. Kila nyumba kijijini, yenye mgonjwa na isiyo na mgonjwa, ilikuwa imepewa vidonge vinne na kuweka dole gumba.

"Na wewe ukawafungulia!" nikamwambia.

"Ningefanyaje? Alikuja na mhuri."

Tuligawana vitongoji mimi na Mama Naomi na wenzetu, tukaenda kuomba vidonge vyetu. Nyumba moja walikuwa wamevimeza vyote siku ileile, baba, mama na shangazi, wakalala mpaka jua likawa utosini na ng'ombe hawajakamuliwa. "Dawa nzuri sana," baba akaniambia, "mtaleta tena lini?" Nyumba nyingine walikuwa wamempa ndama anayeharisha. Bibi mmoja alikuwa amevifunga kwenye ncha ya kitenge na akagoma kabisa.

"Serikali imenipa kitu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na wewe mtoto mdogo unakuja kukichukua?"

"Bibi, wewe huumwi kifafa."

"Nitaumwa! Unajuaje?"

Tulimpalilia mahindi yake nusu siku ndipo akavifungua. Hebu fikirini. Akina mama kumi na mmoja wanalima mashamba ya watu ili warudishiwe dawa ya watoto wao. Kuna waliorudisha wenyewe, sitawanyima haki yao. Mwenye duka pale njia panda, Mwislamu mmoja mkimya, alivileta mwenyewe kwa miguu vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, akasema alishangaa lakini hakuulizwa.

Tulivyopata vilitosha watoto wote kumi na mmoja siku nane kwa dozi kamili. Kopo jingine lilikuwa wiki tatu mbele. Mganga Msaidizi akaniita pembeni, na safari hii hakuwa na chai mkononi. "Wape watano walio na hali mbaya zaidi, dozi kamili, uwapunguzie polepole kadiri vinavyoisha. Wengine uwalinde kwa macho. Ukigawa nusu kwa wote, wote wataanguka." Paskalina alikuwa miongoni mwa wale watano.

Nikarudi nyumbani nikawakuta wenzangu kumi wamekaa wananisubiri, watoto mapajani. Sasa niambieni, ningeanzaje? Nimesimama mbele ya wanawake waliojenga ukuta wa jiko langu kwa mikono yao, niseme wa kwangu anapata na wako hapati? Mama Naomi akatoa wembe. "Tukate," akasema. "Tunagawana sawa kama siku zote." Nilijua. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua, na nilikuwa nimeambiwa saa moja iliyopita. Nikashika wembe nikakata. Nilimtukana Katibu Kata kijiji kizima kwa kugawa sawa, kisha nikakaa chini nikagawa sawa.

Siku ya nne akaanguka Naomi, na wengine wawili. Siku ya tano asubuhi, niko kisimani, nikasikia naitwa. Paskalina alianguka uani, akatetemeka, akanyamaza, na kabla hajafumbua macho akaanza tena, na tena. Nilipofika nilimkuta Balozi Tluway, yule mzee aliyeita majina ya nyumba zetu kumi siku ya mgao, amepiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa amemlaza ubavu kama nilivyokuwa nikifundisha, mikono yake imejaa povu.

"Sikujua, mwanangu," akasema.

"Kuita majina ulijua."

Aliinuka akakimbia, mzee yule, mpaka barabarani, akasimamisha lori lililokuwa linapeleka mahindi Endulen, maana kule hifadhini kilimo kimebanwa na watu hununua nafaka ya kwetu. Nilipanda juu ya magunia na mtoto wangu akiendelea kutetemeka mpaka tukapita ukingo wa kreta, lile bonde kubwa la volkano. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona chochote, na sikutaka kuona.

Hospitali ya misheni kule Endulen walimchoma sindano, akatulia. Kuna mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa anauguza mjukuu kitanda cha pili, akanipa kibuyu cha maziwa na hakuuliza neno. Sista wa wodi ndiye aliyeuliza. Nikamwonyesha daftari langu, uzito wa kila mtoto, dozi yake, jioni alizomeza na jioni alizokatiwa nusu. Akalisoma lote. Akanipa chupa ya kuwatosha kumi na mmoja mpaka kopo lifike. "Nakupa kwa sababu ya daftari," akasema. "Wanaolia ni wengi."

Paskalina aliamka siku ya tatu. Mkono wa kushoto umelegea mpaka leo. Majina ya ndama yameondoka, na hesabu inafika tatu inarudi mwanzo. Watu huniambia nishukuru yuko hai. Nashukuru. Lakini wasiniambie ninyamaze.

Kopo lilipokuja nikalichukua nikaenda nalo nyumbani. Katibu Kata akanifuata na karani wake, akadai mgao. Nikamwambia hapana. Akauliza kama najua naongea na nani. Balozi Tluway, aliyekuwa amekuja nyuma yao, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu Katibu, nyumba zangu kumi hazidai." Na mabalozi wengine wakasema hivyohivyo, mmoja mmoja, siku zilizofuata. Mgao wa dawa ukafa. Baada ya miezi michache ikaja barua kwamba mhudumu wa kijiji amevunja nidhamu, ateuliwe mwingine. Nikastaafu hivyo, nikiwa na miaka ishirini na saba.

Wastaafu wengine husema wangeweza kurudia kazi yao yote tangu mwanzo. Mimi ningerudia jioni moja tu, ile ya wembe. Wenzangu wangenichukia, labda wote kumi, na Mama Naomi angenitukana kama anavyojua yeye. Ningekubali.

Aliyechukua nafasi yangu alikuwa binti ametoka shule juzi, mpole, ananiita dada. Kusoma mizani alijua tayari. Nilimwambia aweke mizani chini, akumbatie kopo, na mimi nikakaa upande wa pili wa meza kama Katibu Kata.

"Leta hiyo bidhaa tugawe. Jibu."

"Hapana, Mzee."

"Ondoa hiyo Mzee, sema hapana tu."

"Siwezi, dada. Ni mkubwa."

"Haya, iache. Na Mama Naomi je, akija analia, anataka dozi ya wa kwake ikatwe nusu apewe mtoto wa mwenzake?"

Hapo akaliangalia kopo.

"Huyo," akasema, "ndiye mgumu."

Nikamwambia turudie, na safari hii mimi ni Mama Naomi.