Leo nimetafsiri sababu za kufunga shule yetu

Jamani, leo nimeuogopa mwandiko wangu mwenyewe.

Asubuhi bwana mkaguzi amekuja kutoka boma la Wazungu kuifunga shule ya serikali hapa Mabira. Mimi ni muuza nguo tu, ila ndimi ninayefundisha pale, kwa hiyo nikaambiwa niwatafsirie wazazi kwa Kinyambo, lugha yao.

Sababu yake?

"Darasa ni tupu. Watu wa huku hawapendi elimu."

Hawapendi!

Vita vilipoanza, bwana huyuhuyu alikuja kutafuta wapagazi wa kulibebea jeshi mizigo. Nikamnakilia majina ya wanafunzi wangu wakubwa kutoka kitabu cha mahudhurio. Akasifu mwandiko wangu, nami nikafurahi. Mpaka leo hajarudi hata mmoja.

Basi nikatafsiri. Ningefanyaje?

Nilipofika kwenye "hawapendi", mama yake Kamugisha, mmoja wa wale waliochukuliwa, akasimama. Bwana hakumtazama kabisa, alinitazama mimi.

"Mwalimu," mama akasema kwa Kinyambo, "tuitie majina kama ulivyokuwa ukiwaita watoto wetu darasani."

Nikafungua kitabu.

"Kamugisha."

"Nipo," akaitika mama yake.

Nikaita jina la pili, akaitika mama mwingine. Nikaita la tatu. Hivyo hivyo, taratibu, mpaka ukurasa ukaisha, na hakuna aliyelia.

Bwana akashika kalamu, akaniuliza: "Wanasema nini?"

Nyie mngemjibu nini? Niambieni, maana mimi nimemwambia wanashukuru.

Akaandika.