Isikeli na Macho Yake ya Thamani

Isikeli Ravouvou alizaliwa katika nyumba ya mabati kijijini kwetu, kando ya Mto Rewa, na mpaka alipokaribia miaka arobaini hakuwa amefanya jambo lolote la kumtofautisha na ng'ombe wa kanisa. Alilima magimbi, akauza machache mjini Nausori, akanywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na wenzake, na raga ikichezwa alipiga kelele utadhani yeye ndiye kocha. Mama yake alimwacha mdogo, akalelewa na shangazi yake Vasiti, akila sufuria moja na Netani, mtoto wa shangazi huyo. Alikuwa mtu wa kawaida, na laiti angebaki hivyo.

Kilichomharibu ni kijana mmoja aliyekuja kutoka mji mkuu, Suva, na viatu vyenye ncha, akatukusanya kwenye ukumbi wa kanisa. Alisema kila tunapotazama simu, kuna tajiri ng'ambo anayefaidika na macho yetu. Sasa kampuni yake imekuja kutukomboa. Itaandika tunachotazama na kwa muda gani, itawauzia wenye matangazo kwa niaba yetu, halafu itatuletea fungu letu. Sharti ni moja tu: simu itazamwe na uso mmoja. Kamera ya mbele itahakikisha. Uso wa pili ukionekana, mali imechafuka.

Kijana wa watu hakujua alipokuja. Kwetu kitu ni cha yule anayekihitaji sasa hivi. Ndugu akija na kerekere, ombi lake, unampa, na kesho unaomba wewe. Waliojiunga walifukuzwa kabla wiki haijaisha, maana simu zao ziliona bibi, wajukuu, shemasi na mtoto mchanga anayelamba kioo. Walicheka wakarudi kwenye kava yao. Akabaki Isikeli peke yake, kidevu juu.

"Nyie gaweni bure," alisema. "Mimi nina mali."

"Mali ipi?" mkewe Loata akamuuliza.

"Macho."

"Macho hayohayo yaliyoshindwa kuona banda la kuku linaanguka?"

Tangu siku hiyo akawa mwongo. Kusema "sikupi" hakuthubutu, kwa kuwa mchoyo wa aina yake ni mwoga pia. Ukimwomba simu, chaji imekwisha. Ukimwomba kesho yake, kioo kinasumbua. Usiku aliilalia kama kuku anayeatamia.

Ndipo likaja gharika. Mto ulifurika, umeme ukakatika, na katikati ya matope hayo zikafika habari za Netani. Alikuwa ameenda Australia kuchuma zabibu, akaoa hukohuko, na trekta ilikuwa imempindukia. Wakwe waliamua kumzika kwao. Mazishi yangeonyeshwa mubashara, kila mtu ayaone kwenye simu. Lakini simu zote kijijini zilikuwa zimezima, isipokuwa ya Isikeli, aliyejinunulia kipande cha sola ili mali yake isilale njaa.

Shangazi Vasiti alikuja na nguo nyeusi, akaketi chini penye mkeka wa mlangoni.

"Isikeli, mwanangu. Nimekuja na kerekere."

Alijua anaombwa nini. Lakini wiki ile ilikuwa ya kupimwa. Kampuni ilikuwa inaamua ni nani apandishwe daraja, na uso mmoja wa kigeni ungemrudisha mwanzo. Alimtazama yule mama, na kwa yale macho yake ya thamani akaona uso wa kigeni.

"Shangazi, ningekupa. Bando limekata tangu asubuhi."

"Hata kidogo? Nimwone tu wakimshusha."

"Hata kidogo. Unajua mimi nisingekunyima."

"Najua, mwanangu," akasema, akainuka kwa kushika mwimo wa mlango.

Wanawake walimketisha barazani kwa mchungaji, wakaanza nyimbo za mazishi wakikisia saa ya kuzikwa kwake Netani. Isikeli akajibanza kwenye banda lake la jikoni, lililotenganishwa na baraza hiyo kwa ukuta mmoja tu. Kampuni ilikuwa imemtumia matangazo ya kumpima, na ilitaka sauti iwe wazi. Tangazo lilikuwa la chakula cha paka. Isikeli hajawahi kufuga paka. Alikodoa macho, hakupepesa, na ubeti ulipoisha na wanawake wakavuta pumzi, sauti ya paka ikapenya ukutani, ikifuatwa na watoto wanaoimba juu ya utamu wa minofu.

Vasiti aliutazama ukuta.

"Endeleeni," akasema, na wanawake wakaendelea.

Daraja alipandishwa, nisimpunje. Fungu lake lilipofika lilitosha kopo la samaki na mkate. Loata alilitazama kopo lile mezani, akaenda kumenya muhogo.

Hata jiwe hulowa, na Isikeli naye aliona haya. Alichukua jino la nyangumi aliloachiwa na baba yake, akaenda kwa shangazi kuomba radhi, magoti chini. Jino likiletwa kwa msamaha halikataliwi, na Vasiti hakulikataa. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi ya heshima, akasema yamekwisha. Isikeli akarudi nyumbani akipiga mluzi, akidhani amenunua kila kitu.

Kusamehe kuna desturi yake. Kuomba hakuna wa kukulazimisha. Wiki zikapita, na watu walimsalimu vizuri, wakamkaribisha kava, wakamuulizia magimbi. Chumvi walienda kuomba nyumba ya pili. Panga, nyundo, kamba ya kufungia ng'ombe, vyote waliviomba kwingine, wakipita mbele ya mlango wake. Alifuta ile programu ya kampuni. Aliacha simu barazani, imejaa chaji, haina hata namba ya siri. Watoto waliiruka wakikimbilia mpira.

Mwishowe alimfuata Vasiti, akamkuta anasuka mkeka.

"Shangazi, ile video ya Netani bado ipo. Nimeitafuta. Hii hapa, tazama mpaka uchoke."

Vidole vyake vilisimama. Kwa kitambo ilionekana kama atanyoosha mkono.

"Kaa nayo tu, mwanangu," akasema. "Hiyo ni mali yako."

Akaendelea kusuka. Isikeli akatembea mpaka kwake, akaketi barazani, akasubiri mtu apite. Jioni aliirudisha programu ile. Kioo kikawaka kwa maandishi ya rangi: Isikeli, tunaomba dakika moja ya macho yako. Hakuwa ameombwa kitu na yeyote tangu mafuriko, akaitoa dakika hiyo.