Hotuba ya Kumng'oa Mwenyekiti

Nilipokuwa mwalimu wa historia kwetu Kenya, nilipenda kufundisha habari za msemaji wa Athene ya kale aliyemshambulia mfalme wa kaskazini, hotuba baada ya hotuba, hadi watu wakapandwa na mori. Hapa Birmingham kazi yangu ni kugeuza wagonjwa vitandani, wala hakuna anayeniuliza habari za Athene. Ndiyo maana wenzangu wa chama chetu cha Wakenya waliponiomba nimseme mwenyekiti hadharani, kwa kuwa amekaa mno, nilikubali upesi. Nilikuwa nimechoka, lakini sifa ni sifa.

Nilimshambulia kama walivyofanya wale wa kale: kwanza sura yake, kisha ulaji wake, mwisho uongozi wake. Nikasema amekiganda kiti kama kupe. Nikasema sisi humwona kwenye misiba tu. Watu wakapiga meza. Nikatoka nje kupongezwa, na huko ndani kura ikapigwa, akang'olewa.

Walionishangilia walikwenda zao. Yeye alibaki akikunja viti, kama siku zote, kisha akasema atanifikisha kwangu Saltley kwa sababu ya mvua. Sikuwa na uso wa kukataa.

Njiani aliisifu hotuba, hasa pale pa kupe. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mlangoni kwangu alinikabidhi funguo za ukumbi na simu ya chama, ile inayopigwa mtu wetu anapofariki, ili mwenyekiti aende hospitali, aite mchungaji, ahangaikie kusafirisha mwili.

"Ulipokuwa nje walikuchagua wewe, Mwalimu," alisema. "Mimi sasa nitalala."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kuna sehemu ya kisa cha Athene niliyozoea kuiruka darasani: vita vilipofika, yule msemaji naye alipelekwa kupigana, na husimuliwa kwamba alitupa ngao akakimbia. Mimi hata nguvu za kukimbia sikuwa nazo. Shifti ilikuwa inaningoja jioni hiyo hiyo.

Gari lake lilikuwa bado halijakata kona simu ilipoita. Mama mmoja, kwa sauti ya chini, aliuliza kama hapo ni kwa mwenyekiti.

Nikasema ndiyo.