Nilimwita mchawi mbele ya wateja wake, kisa majani ya miche yangu yamepauka

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo. Huu uzi nimeuandika mara tatu na mara tatu nimeufuta. Leo nauacha ulivyo. Yote ni kweli, na sehemu kubwa ya ukweli wenyewe inaniaibisha mimi.

Nipo Johannesburg, Turffontein, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Kwetu Muheza, Tanga. Kazi yangu ni kuchoma mishkaki barabarani, upande wa Rosettenville.

Kabla hamjanishukia: uzi unagusa bangi. Huku mahakama ilisharuhusu mtu mzima apande kidogo nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Wa mawaidha nawaheshimu, mama yangu naye angesema hayo hayo. Ila someni mpaka mwisho, maana bangi siyo kiini cha habari hii.

Kiini ni mtu mmoja tuliyekuwa tunakaa naye nyumba moja. Nitamwita Fundi, kama nilivyokuwa namwita siku zote.

Fundi ni Mkongo wa Bukavu, ananizidi miaka kama kumi hivi. Ni mshonaji, tena mshonaji haswa, magauni ya harusi ndiyo kazi yake. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko. Yeye alikuwa na chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, cherehani yake hapo hapo, na wateja wanamfuata nyumbani. Mimi chumba cha nyuma.

Jina langu hakulitumia hata siku moja. Aliniita Tanga. "Tanga, umekula?" "Tanga, kuna baridi, vaa ile jaketi." Mpaka wateja wake nao wakawa wananiita Tanga.

Mwaka 2015, zile siku wageni walipokuwa wanapigwa na maduka yanavunjwa, mimi nilikuwa sijazoea jiji. Fundi alinifungia siku tatu kwenye kibanda alichokuwa anashonea wakati huo, nyuma ya marobota ya vitambaa, ananiletea ugali na mimi nalala juu ya mabaki ya satini. Tulikuwa hata hatujajuana vizuri. Hapo ndipo tulipoanza kukaa pamoja.

Nawaambia haya ili mjue nilichokuja kukifanya nilimfanyia nani.

Sasa, mahakama iliporuhusu, nikasema basi, sitaki tena kwenda kununua kwa wale jamaa wa Hillbrow nikiangalia nyuma kila hatua. Nikapanda miche minne kwenye makopo makubwa ya rangi. Nje niliogopa wezi, kwa hiyo nikaweka ndani, mitatu dirishani kwangu. Wa nne haukuenea.

Nikamwendea Fundi nao, nikaomba nafasi dirishani kwake. Yeye ni mlokole, havuti, hanywi, na nyumbani tulikubaliana moshi ni marufuku. Akaukodolea macho ule mche, akacheka kidogo. Akasema, "Tanga, na weye. Haya, weka pale. Muti nayo ni kiumbe ya Mungu." Akausogezea kiti kabisa, ukakaa karibu na cherehani.

Mwezi wa kwanza mambo safi. Baadaye mitatu ya chumbani kwangu ikadumaa. Haiendi juu, haiendi pembeni. Majani machanga ya juu yakaanza kutoka na weupe fulani wa njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani.

Nikahangaika. Nikapunguza maji. Nikatoboa makopo zaidi chini. Nikageuza upande wa jua kila asubuhi. Nikanunua mbolea ya maji dukani. Wapi. Kila jani jipya linatoka limepauka kuliko la jana.

Nikakumbuka dawa ya nyumbani. Mama yangu Muheza alikuwa na tuta la mchicha nyuma ya jiko, na kila akizoa jiko anamwaga majivu pale. Mchicha ule mnene, majirani wanakuja kuomba. Mimi majivu ninayo ya kumwaga, ndiyo kazi yangu. Toka naotesha nilikuwa nanyunyizia kidogo kidogo. Sasa nikaongeza. Kila nikirudi kutoka kwenye jiko langu la mishkaki nakuja na kopo la majivu, nayafukia, namwagilia. Hali ikizidi kuwa mbaya, na mimi nazidisha.

Ule wa nne sikuuwekea hata chembe. Siyo kwa akili yangu, ni kwa sababu Fundi alinikataza. Magauni meupe yametundikwa chumba kizima, akasema, "Ile vumbi yako isivuke mlango huu." Kwa hiyo wa kwake uliishi kwa maji ya bomba tu, yale yanayobaki akimaliza kupiga pasi.

Na ulikuwa umenawiri, wakuu. Kijani kizito, majani mapana kama kiganja.

Hapo ndipo shetani wangu alipoingilia.

Kanisa la Fundi lina desturi ya kuombea maji yenye chumvi, muumini anakwenda nayo nyumbani ananyunyiza pembeni mwa nyumba na milangoni. Kila Jumapili akirudi ananyunyiza, pamoja na mlango wangu. Miaka yote sikuwahi kujali. Mimi Muislamu, nilikuwa namtania, "Fundi, unanilowanishia ndala."

Sasa nikaanza kuwaza. Chumvi inaua mmea, hilo kila mtu analijua. Huyu hapendi bangi. Funguo za chumbani kwangu anazo. Ya kwangu inakufa, wa kwake unacheka. Kwa nini?

Ningemuuliza kwa utaratibu angenijibu. Sikumuuliza. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima, linachacha, salamu zake naitikia nusu nusu.

Jumamosi moja nikaamka nikakuta mche mmoja umeanza kukauka ncha. Fundi alikuwa na wateja, bibi harusi mtarajiwa na mama yake, na mke wa mchungaji wake aliyewaleta. Nikaingia bila hodi. Nikaweka kopo la ule mche mezani, juu ya kitambaa cha watu.

Nikasema, "Hii ndiyo kazi ya maombi yenu? Unanyunyizia chumvi vitu vyangu usiku na mchana, halafu unajifanya ndugu. Wewe ni mchawi, Fundi. Nyumba nzima unairoga."

Yule mama akamshika bintiye mkono.

Fundi akaweka mkasi chini taratibu. Akasema, "Tanga. Miye uko unaniita mulozi? Mbele ya bantu?"

Kwao neno hilo siyo la kutania. Mtu akiitwa hivyo mbele ya kanisa, linamfuata. Mimi nilikuwa najua. Nimekaa na Wakongo miaka, nilijua kabisa, na ndiyo maana nikalichagua.

Nikamwambia, "Kama siyo wewe, mbona wa kwako umestawi?"

Aliukunja ule mkanda wake wa kupimia, akauweka mfukoni, akawaomba radhi wateja.

Bibi harusi hakurudi. Na wengine wakapungua. Kabla mwezi haujaisha Fundi akahamia Hillbrow, chumba cha kuchangia na watu wanne kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilikufa siku nyingi. Alibeba cherehani mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejilaza chumbani, nasikia anavyohangaika nayo mlangoni, na sikutoka.

Mche wa nne aliuacha pale pale kwenye kiti. Ameumwagilia.

Wiki mbili baadaye mteja wangu mmoja wa mishkaki, Mmalawi, mtu wa makamo anayetunza bustani za matajiri, alipita nyumbani kuchukua oda. Akaiona ile miche. Akachuma jani moja, akaliinua kwenye mwanga. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba mmea haukosi chakula, chakula kimo humo humo, ila kuna kitu kinauzuia kukila. Akachimba udongo kwa kidole. Ukatoka wa kijivu.

"Unaweka nini humu?"

"Majivu."

"Kila lini?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba majivu ni kama chokaa. Shambani kwa mama, udongo ni mwekundu, mwingi, mvua inaosha, kidogo yanasaidia. Kwenye kopo hayana pa kwenda. Yanarundikana, udongo unageuka, na mizizi inashindwa kuvuta madini ya chuma. Ndiyo maana majani machanga yanatangulia kupauka.

Halafu akauliza, "Huo wa dirisha la mbele nao unaupa majivu?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Ndiyo maana umepona." Akachukua mishkaki yake akaondoka.

Wakuu, nilikaa chini sakafuni. Kile kitu nilichokishika kama ushahidi dhidi ya Fundi, ule mche wa nne, ndicho kilichokuwa kinamsafisha muda wote. Kilikuwa mbele ya macho yangu.

Nilibadilisha udongo wote, nikaosha mizizi. Miche ilirudi kijani ndani ya wiki chache. Nilitamani isirudi. Yote nimeigawa, sikuvuta hata jani.

Nikaenda kanisani kwake Jumapili. Yule mke wa mchungaji alinitambua, akanigeuzia mgongo. Baadaye muumini mmoja alinihurumia akanipa namba mpya ya Fundi. Alishaondoka Hillbrow, yupo Pretoria, ameajiriwa anapunguza urefu wa suruali za watu.

Nikapiga. Nikaeleza yote, majivu, Mmalawi, kila kitu. Nikaomba msamaha huku nalia, sioni haya kusema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni muzuri, bwana. Nimekusamehe. Mungu akubariki."

Nikamwambia, "Fundi, ni mimi. Tanga."

Akasema, "Ndiyo, bwana. Nilikujua toka mwanzo."

Tumeongea mara tatu toka siku ile. Ananijibu vizuri, anauliza kazi, anauliza afya. Bwana, bwana, bwana.

Nilichojifunza: ukiona kitu chako hakiendi, kagua kwanza mkono wako mwenyewe, hasa ule unaoamini unatibu. Na mtu aliyewahi kukuficha, muulize kwa upole hata kama una hakika. Hakika yangu mimi ilikuwa kopo la majivu.

Wajuzi wa kilimo cha makopo, sahihisheni nilipokosea, itawasaidia wengine. Ila swali langu ni kwa waliowahi kumvunja mtu namna hii akawasamehe kweli kweli: ilichukua muda gani mpaka akakuita tena lile jina lako? Au huwa halirudi?