Maua Kwenye Ndoo za Moto

Miaka ya hamsini, shuleni kwetu Iringa, kila asubuhi mwalimu mkuu aliandika ubaoni kumbukumbu ya tarehe hiyo, daima ya Waingereza, na chini yake tahadhari ya siku. Sikukuu rasmi ya kuzaliwa kwa Malkia, aliandika: "Moto ukizuka, kimbilieni ndoo za mchanga."

Jioni ile bweni letu la nyasi likawaka, tukazikimbilia. Maua! Maua, jamani! Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameamuru mchanga umwagwe, tupande humo maua ya kumpokelea Bwana DC. Blanketi zote ziliteketea, na baridi ya Iringa mwezi wa sita haina huruma.

Mwaka uliofuata, sikukuu ileile, ubao ukasema: "Tahadhari: msichume maua ya kwenye ndoo."