Siku Niliyogawa Maharage Ukweni

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu, nikiwa na miaka miwili tu ya ndoa hapa hapa Kihanga, mdomo mrefu na akili fupi. Mke wangu Kokubanza, bibi yako huyu anayenicheka sasa hivi, alikuwa amerudi kwao Nyakasimbi, wiki ya tatu hiyo. Nilikuwa nimetamba mbele za watu kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwamba mke wangu kazi yake kula. Maneno yakamfikia. Baba yake akaniletea ujumbe kwamba binti harudi mpaka nijue nilichosema.

Basi akaja dada mmoja mtafiti, anapita nyumba kwa nyumba kupima watu wanazionaje kazi za baba na za mama. Anataja kazi, anakupa maharage kumi, unagawa: haya ya mume, haya ya mke. Kuteka maji, kupalilia, kupika, kuuguza mgonjwa. Mimi nikajirundikia. Hata kwenye kupika nikajipa saba, eti ndizi zinazopikwa si za migomba yangu? Ujana una mambo.

Tulipomaliza nikataka kumpa mgeni kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni haondoki bila hiyo. Mjukuu wangu, sikujua inakaa wapi. Mimi mwenye shamba la kahawa nilifunua vyungu vyote, nikapekua hadi darini, nikatoka na masizi kichwani, mikono mitupu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba yule dada anirudishie maharage tuanze upya.

"Nimeshaandika kwa wino, baba," akasema taratibu. "Kayagawe upya mbele ya mkeo mwenyewe."

Kesho yake nikapiga mguu hadi Nyakasimbi, maharage mfukoni. Nikawaamkia wakwe, nikakaa mkekani, nikataja kazi moja moja na kugawa mbele ya wote. Upande wangu ukabaki karibu mtupu. Mama mkwe alicheka akashika mbavu. Kokubanza akayatazama yale maharage, nami nikijua akiingia ndani nimempoteza. Kisha akasogea, akachukua maharage manne, akayaweka upande wangu.

"Kahawa unaipalilia vizuri," akasema. "Haki yako sikunyimi."

Nilifurahi kama nimeoa mara ya pili. Tulirudi siku ile ile, mzigo wake nimejitwika mimi, na watu wa njiani walivyonicheka, nikacheka nao.

Sasa wewe unaoa mwezi ujao. Kabla hujasema nyumba unaibeba wewe, kaa siku moja utazame mikono ya mwenzako inavyozunguka tangu alfajiri. Usipojua, uliza, si dhambi. Na kumsifu msifu penye watu, maana mimi nilimdharau penye watu, na nilipona kwa huruma yake tu.

Mungu akupe shamba lenye rutuba na watoto wenye afya. Akupe na nyumba ambayo mkiulizwa nani anaibeba, kila mmoja atamtaja mwenzake.